Aliyefundisha Jumatano Si Mimi

Mshauri wetu mpendwa,

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nikiwa sekondari, wakati huo mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa akikata magazeti kwa mkasi kupata umbo la mikono na shingo za magauni kabla hajagusa kitambaa cha mteja, kwa hiyo barua nyingi za watu nilizisoma zikiwa na matundu katikati na majibu yako mengi nilibaki kuyakisia, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa chini nikuandikie mimi. Lakini nimebanwa, naomba unisaidie, na naomba unijibu kabla ya Ijumaa.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika fizikia, mwaka wa tatu. Nitajaribu kueleza kwa utaratibu kama tunavyoandika ripoti za maabara, hisia nitaziweka pembeni, maana nimeshaanza barua hii mara nne kwa hisia na mara zote nne nimeishia kuichana.

Kila mwaka idara yetu hutoa tuzo mbili kwa sisi wanafunzi wa juu, moja ni ya aliyefanya utafiti bora na nyingine ni ya aliyefundisha vizuri kuliko wenzake. Ya utafiti ni cheti chenye fremu, makofi, na kwenda kusoma kazi yako kwenye mkutano wa wanafizikia. Ya kufundisha nayo ina cheti, lakini pamoja na cheti mshindi hupewa nafasi ya mhadhiri msaidizi kwa miaka miwili, na kabla ya kukabidhiwa ni lazima atoe somo la mfano la dakika ishirini mbele ya wageni, walimu, na wanafunzi wale wale aliowafundisha, ambao huwekewa viti vya mbele. Mwaka huu tuzo ya kufundisha nimepewa mimi, na mimi, mshauri, sijui kufundisha.

Kila mmoja wetu hupangiwa kundi moja la wanafunzi wa mwaka wa kwanza alisimamie maabara mara moja kwa wiki. Mimi nilipewa Kundi la Nne, Jumatano kuanzia saa nane mchana, chumba cha chini chenye meza kumi na mbili, penduli kumi na mbili, na saa za kupimia kumi kwa sababu mbili zilikufa na hakuna aliyezitengeneza. Wiki ya kwanza msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akaniuliza swali jepesi kabisa, kwa nini gololi nzito na gololi nyepesi zikining'inizwa kwa kamba za urefu mmoja zinabembea kwa muda ule ule, na jibu lake nalijua tangu sekondari, naweza kuliandika nimefumba macho, lakini watu thelathini walinigeuzia nyuso kwa pamoja, nikasema tutaona wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, nikageukia ubao, nikaandika milinganyo saa nzima bila kuangalia nyuma, na nilipogeuka nusu ya darasa ilikuwa imeshaondoka na wawili kati ya waliobaki walikuwa wamelala.

Sasa, katika ofisi yetu tunakaa watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye idara nzima tunamwita Dada Mkubwa, kwa sababu ametuzidi umri na alifundisha sekondari miaka saba kabla ya kurudi kusoma. Jioni ile nilimkuta anamenya chungwa juu ya karatasi za data zake nikamwambia ukweli.

"Dada, nisaidie. Nikiingia mle ndani tena nitazimia."

"Uzimie mbele ya watoto thelathini? Watafurahi sana, hawajawahi kuona fizikia ya namna hiyo." Akacheka, kisha akaniangalia akaona sitanii. "Haya, sikiliza. Mimi Jumatano mchana nina mashine yangu. Wewe kaa na mashine, mimi nikakae na watoto wako. Wiki ijayo tu."

Wiki hiyo tu ikawa wiki kumi. Kubadilishana zamu kunaruhusiwa lakini kuna fomu ya kujaza na mkuu wa idara anatia sahihi, na kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika sababu, nami niliona aibu kuandika kwamba sababu ni woga, kwa hiyo hatukujaza. Mzee anayetunza funguo za maabara alijua, maana kila Jumatano Dada Mkubwa alitia sahihi kwenye daftari lake kuchukua ufunguo wa chumba changu na mimi nikatia sahihi kuchukua wa chumba chake. Nilipomwomba asitutaje alinijibu bila hata kuinua kichwa, "Mimi naandika nani kachukua ufunguo gani. Kusoma nilichoandika si kazi yangu."

Mashine ya Dada Mkubwa inapoza kipande kidogo cha madini kwa nitrojeni ya kimiminika na kupima umeme unavyopita ndani yake. Tunaitumia kwa zamu na watu wa kemia, sisi tuna Jumatano mchana peke yake, na haiachwi hata dakika kumi kwa sababu lazima mtu aongeze nitrojeni na kuandika vipimo. Tatizo lake, ambalo lilimtesa mwaka mzima, ni kwamba grafu ilikuwa inakwenda vizuri halafu ghafla inaruka, inatulia, inaruka tena, na alishabadilisha nyaya zote mara mbili. Mimi nikiwa nimekaa pale sina la kufanya kati ya kipimo na kipimo nikaanza kusikiliza jengo, na wiki ya tatu ya kukaa pale nikahisi kwamba kila grafu inaporuka kuna mngurumo nyuma ya ukuta, nikaanza kuandika saa ya kila mruko na saa ya kila mngurumo, na kufikia wiki ya tano nilikuwa na miruko arobaini na moja, na thelathini na tisa kati yake ilitokea lifti ikiwa inasimama kwenye ghorofa yetu. Nilipomwonyesha alishika kichwa akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mwaka mzima, mdogo wangu! Mwaka mzima nalaumu nyaya!" Tukamwendea mzee wa funguo, naye tangu siku hiyo akawa anazima lifti kila Jumatano mchana na kutundika kibao kilichoandikwa LIFTI MBOVU, na mkuu wa idara, ambaye ofisi yake iko ghorofa ya nne, alipanda ngazi kila Jumatano mpaka muhula ukaisha akilalamikia mafundi.

Mwisho wa muhula wanafunzi hujaza fomu za kutathmini walimu wao. Fomu haziulizi jina la mwalimu, zinauliza namba ya kundi tu, na ofisi ndiyo inayolinganisha namba na majina yaliyo kwenye ratiba. Kundi la Nne kwenye ratiba ni mimi.

Wiki tatu zilizopita orodha ya tuzo ya kufundisha ikabandikwa na mkuu wa idara akaniita ofisini akanisomea maoni ya wanafunzi kwa sauti, mmoja kaandika kwamba mwalimu huyu hawapi jibu mpaka wamegombana nalo, mwingine kwamba aliwanyima jibu la gololi wiki nzima wakabishana mpaka kwenye foleni ya chakula, mwingine kwamba anawacheka makosa yao kama dada anavyocheka wadogo zake. Hapo mkuu wa idara akacheka akaniambia kijana una moyo wa kulea. Kisha akanipa barua ya nafasi ya mhadhiri msaidizi nikaitie sahihi na kuirudisha kabla ya somo la mfano. Nilisema asante. Ndilo neno pekee nililosema mle ndani.

Jioni ile nikampigia mama, na kufikia asubuhi kila mteja wake alishajua kwamba mtoto wa fundi ndiye mwalimu bora wa chuo, na tayari ameshajishonea gauni la siku hiyo.

Dada Mkubwa alisoma orodha ukutani kama wengine. Aliingia ofisini na vikombe viwili vya chai, akaniwekea kimoja.

"Hongera, mdogo wangu."

"Dada, lakini wewe ndiye..."

"Mimi ndiye nini? Kunywa chai, inapoa."

Kesho yake nilikuta daftari lake la masomo juu ya meza yangu. Akaniambia somo la mfano litanisumbua, nichukue, na kwamba wanafunzi wale wanapenda uanze na swali. Sikuweza kusoma uso wake. Nililichukua.

Nikiri kwamba wiki mbili za kwanza nilikuwa sawa. Mara nilipanga kuugua siku ya somo, mara nilikariri daftari lake mbele ya kioo, na nilijiambia kwamba ni makosa ya ofisi na si yangu. Halafu Alhamisi iliyopita ikabandikwa orodha ya pili, ya utafiti, na mshindi ni Dada Mkubwa. Nikaenda kusoma kazi iliyompa ushindi. Kuna sehemu nzima inayoeleza jinsi chanzo cha miruko kilivyopatikana, kurasa mbili, na grafu iliyochorwa kwa saa nilizoandika mimi kwa mkono wangu, na mwishoni kabisa kwenye shukrani kuna mstari mmoja unaosema anamshukuru mwenzake wa Jumatano kwa uvumilivu na masikio makini. Mwenzake wa Jumatano. Jina hakuna. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha fizikia.

Tangu Alhamisi hiyo dhamiri yangu haijatulia. Naona si haki mimi nishike tuzo ya kazi yake naye ashike tuzo ya kazi yangu. Kanuni za tuzo zinasema wazi kwamba mshindi akigundulika ameficha jambo anaondolewa na tuzo inakwenda kwa anayemfuata. Ufadhili wa Dada Mkubwa unaisha muhula huu, na yeye pia alikuwa anaitarajia nafasi ya mhadhiri msaidizi, akiikosa atarudi kule sekondari na shahada ataiacha ikiwa imebaki mwaka mmoja. Mimi ufadhili wangu una miaka miwili mbele.

Swali langu ni hili. Je, niende kwa mkuu wa idara nimweleze yote, kwamba ya kufundisha si yangu na ya utafiti si yake peke yake, ili haki itendeke pande zote mbili na kila mmoja apate chake? Au nitie sahihi, nikariri daftari, nisimame Ijumaa saa nne mbele ya wanafunzi thelathini ambao tangu wiki ya tatu hawajaniona tena?

Wako,
Mwenye Tuzo Asiyoiomba


MSHAURI ANAJIBU

Bwana mdogo, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kama mshauri na ya pili nikiwa na kalenda mkononi, na ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Unasema umeweka hisia pembeni. Hukuziweka pembeni, umezipa jina la haki. Hebu tuhesabu wote wawili, maana wewe ni mtu wa vipimo. Tuzo isiyo yako ulipewa wiki tatu zilizopita. Ulisema asante, ukampigia mama yako, ukachukua daftari la mtu uliyemnyang'anya ukaenda nalo kwenye kioo. Siku kumi na nne dhamiri yako ilikuwa imelala fofofo. Ikaamka siku gani? Siku mwenzako alipopata kitu. Ungekuwa unapima kile kipande cha madini ukaona grafu inaruka siku ile ile kila mara, ungetafuta kilichotokea siku hiyo. Basi tafuta na hapa. Kinachokuuma si kwamba umechukua. Kinachokuuma ni ule mstari wa shukrani usio na jina lako.

Sikulaumu kwa kuumia. Kuhusu lifti nitakwambia bila mzaha: ulifanya kazi nzuri. Mtu aliyekaa kwenye chumba cha baridi akasikiliza ukuta wiki mbili na kuandika saa arobaini na moja ana haki ya kutajwa kwa jina lake lote, na ungekuja kwangu na hilo peke yake ningekuwa upande wako. Lakini kusikia mngurumo mmoja ni kitu kimoja na kuibuni kazi, kuijenga, kuipima mwaka mzima na kuiandika ni kitu kingine. Grafu moja haiwi utafiti mzima. Wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana umeandika "si yake peke yake" na hukuthubutu kuandika "ni yangu."

Sasa nikuulize, wewe uliyeusoma mstari ule mara nyingi kuliko kitabu chochote, umeuelewa? Chukua tena kazi ya mwenzako. Imeandika kwamba vipimo vilichukuliwa Jumatano mchana, si ndiyo? Angeandika na jina lako hapo, kila msomaji wa idara yenu angejua kwamba Jumatano mchana ulikuwa umekaa kwenye mashine yake. Swali la pili lingekuwa lipi? Kwamba basi Kundi la Nne alikuwa nalo nani. Mwanamke huyo alikuwa na njia mbili, akutaje uumbuke au akufiche usifiwe kimyakimya. Amekufunika, akapata mahali pa kukushukuru bila kukuchoma, na wewe umekaa wiki nzima umenuna kwa sababu ya shuka aliyokutandazia.

Na pale kwenye chai. Ulianza kusema "lakini wewe ndiye" akakukatiza. Uliona amekuruhusu kunyamaza, ukanyamaza. Hapo ungeendelea. Sentensi ilikuwa imebaki na neno moja.

Kuna jambo moja katika barua yako limenikasirisha kuliko yote, nami nitalisema. Habari za lifti umenipa aya ndefu, na kibao, na mkuu wa idara akihema kwenye ngazi, nimecheka, sikatai. Habari kwamba mwenzako atafukuzwa na ukosefu wa ufadhili akiwa amebakiza mwaka mmoja amalize umenipa sentensi moja, karibu na mwisho, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hiyo ndiyo barua nzima, mwanangu. Mengine yote ni vyeti vya kutundika ukutani. Wewe una miaka miwili ya kusoma kwa raha. Yeye ana muhula huu. Nafasi uliyopewa kwa makosa ndiyo ngazi yake ya mwisho, na umeikanyaga huku unajiuliza kama viatu vyako vinang'aa.

Kwa hiyo sikiliza vizuri, na usianze kubishana na gazeti.

Ile barua ya nafasi usiitie sahihi. Usiichane pia, irudishe safi kama ulivyopewa.

Usiende kwa mkuu wa idara peke yako. Narudia, peke yako usiende. Mpango wako wa "kueleza yote" ungemtoa mwenzako kwenye tuzo yake pamoja na wewe, maana naye hakujaza fomu, na kanuni uliyonisomea haichagui. Shingo hiyo si yako kuitoa. Unaanza kwa Dada Mkubwa, leo, na humwendei na mizani ya kupimia nani kamzidi nani. Unamwambia hivi: Dada, tuzo ya kufundisha ni yako, mimi niliona aibu nikanyamaza, na nataka kurudisha, niambie wewe unaonaje. Halafu unafunga mdomo na kusikiliza atakachosema. Akikwambia uache, mwambie huwezi. Akikasirika, vumilia, ana haki ya wiki tatu za hasira na hajazitumia hata siku moja.

Lifti usiitaje. Ataitaja yeye. Mtu aliyekuandikia shukrani wakati kukutaja ilikuwa hatari, hatashindwa kuandika jina lako siku hatari hiyo ikiondoka. Na kama hatalitaja, mwulize baada ya mwezi, mkiwa mmetulia, kama watu wanaofanya kazi pamoja. Ukilitaja leo litageuka bei, naye atajua.

Mkikubaliana, nendeni wote wawili kwa mkuu wa idara, na mpitieni mzee wa funguo mmwombe lile daftari lake. Huna haja ya kujieleza sana. Sahihi ziko pale za wiki kumi, mkono wake kwenye chumba chako na mkono wako kwenye chumba chake, na hakuna mtu atakayesema mmezitunga juzi. Unamwambia mkuu kwamba wewe ndiye uliyeomba, wewe ndiye uliyekataa kujaza fomu, na sababu ni woga. Neno hilo uliliona zito kuliandika muhula mzima, nalo lina herufi nne tu. Litamke. Mwombe kosa la fomu lihesabiwe kwako. Kama sheria zao haziruhusu mtu mmoja kubeba tuzo mbili, achague Dada Mkubwa mwenyewe aachie ipi, na ukimwona anaachia ile ya utafiti ili abaki na nafasi, usiirukie kama fisi. Iache iende inakokwenda.

Inawezekana mkuu wa idara akakuadhibu. Inawezekana ukaondolewa hata kusimamia maabara. Mimi ningekuwa yeye ningekupa adhabu moja tu, ukae nyuma ya darasa la Dada Mkubwa muhula ujao uone mwalimu anavyonyamaza wanafunzi wakibishana. Woga wako si ugonjwa. Nilifundisha darasani miaka thelathini kabla ya kupewa safu hii, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natapika kila Jumatatu kabla ya kipindi. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikupata mtu wa kunibadilishia zamu, nikalazimika kujifunza. Omba hiyo adhabu mwenyewe kabla hujapewa nyingine.

Mama yako mpigie leo leo, usingoje asikie kwa wateja. Mwambie umekosea na unarekebisha. Atalia kidogo, halafu atauliza Ijumaa ni saa ngapi. Mwambie aje, na avae gauni lake, amejishonea kwa mikono yake na halijakosa lolote. Atampigia makofi mwalimu wa mtoto wake, maana huyo dada amekufundisha zaidi kuliko alivyowafundisha wale thelathini.

Na Ijumaa yenyewe, kama mambo mmeyamaliza kama watu wazima, uwepo. Usiugue. Mbebee penduli, mfungie kamba, kaa kiti cha pembeni wanafunzi wakuone, wakikuuliza wewe ni nani waambie ni mwalimu wao wa wiki mbili za kwanza.

Jambo la mwisho. Barua yako nimeichapa karibu yote. Hukutaja jina la chuo wala la mtu, nami sikuongeza. Lakini umeandika mashine ya kupozea, Jumatano mchana, lifti na kibao chake, na mkuu wa idara wa ghorofa ya nne, na ulijua unaandikia gazeti linalosomwa na nchi nzima. Mtu anayetaka siri haandiki hivyo. Nadhani ulitaka asome hapa sentensi uliyoshindwa kuimaliza mkiwa na vikombe mkononi. Haya, leo ni Alhamisi, saa za ofisi zimeshaanza, ameshasoma. Amekaa kwenye meza ya pili humo ofisini kwenu na anasubiri kuona kama utainua kichwa.